Unauza risiva used za homu thieta? Zipime hivi kabla hujaposti



Leo naongea na wale tunaouza vitu vya umeme used mtandaoni, hasa risiva za homu thieta. Sisemi risiva ya dishi wala king'amuzi. Nasema lile dude zito, jeusi au la rangi ya fedha, mbele lina kidude kikubwa cha kuzungusha sauti, nyuma limejaa matundu mpaka mtu unaogopa. Denon, Yamaha, Onkyo, Pioneer, Sony na wenzao.

Biashara yake ni nzuri. Risiva ya mwaka 2006 au 2010 ikiwa nzima inapiga sauti safi kuliko visabufa vingi vipya vya bei ileile, na wateja wameshaanza kulijua hilo. Shida ni moja: ikirudishwa moja, inakula faida ya tatu. Na mimi nimerudishiwa. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa nimeyalipia.

ILE ILIYOUNGUA MOROGORO

Mwanzoni nilikuwa nanunua risiva, naifuta vumbi, napiga picha mbili, narusha. Kujaribu kwenyewe najaribia kwa yule ninayenunua kwake. Taa imewaka? Basi ni nzima, twende.

Siku moja nikamuuzia mama mmoja wa Morogoro kwa 320,000. Kule niliponunua ilikuwa imechomekwa kwenye kiboksi fulani chini ya meza. Macho yangu yalikuwa kwenye taa ya mbele, kiboksi sikukiuliza. Nikaona plagi yake ni ya miguu miwili bapa, nikanunua adapta ya 3,000 ili iingie kwenye soketi zetu, nikafungasha, nikatuma kwa basi.

Saa mbili usiku mama akapiga simu. "Mwanangu, nimechomeka tu, imetoa mlio na harufu, na umeme wa sebuleni umekatika."

Ilikuwa risiva ya soko la Marekani, volti 120. Kile kiboksi chini ya meza kilikuwa transfoma ya kushusha umeme. Mimi nimemtumia mama wa watu risiva ya volti 120 aichomeke kwenye 230, na adapta ya kumrahisishia kazi nikaweka juu yake!

Fundi wa huko aliifungua akasema transfoma ya ndani imeungua. Nilirudisha hela yote kwa mafungu matatu, maana mtaji wenyewe ndo ulikuwa huo. Kabla sijamaliza fungu la pili, mama aliandika neno moja chini ya posti yangu: "Tapeli." Sikubishana naye. Ningebishia nini? Nilipomaliza fungu la tatu aliifuta mwenyewe, lakini wateja wangapi walikuwa wameshaisoma, sijui.

Tangu hapo hakuna risiva inayotoka kwangu bila kupita hatua hizi.

1. GEUZA NYUMA, SOMA VOLTI

Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kulipa. Karibu na pale waya wa umeme unapotokea kuna maandishi.

- Ukiona AC 230V 50Hz, au 220-240V, hiyo ni ya umeme wetu.
- Ukiona AC 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani au Kanada.
- Ukiona AC 100V, hiyo ni ya Japani.
- Chache zina swichi ndogo ya kuchagua volti. Hakikisha imeelekezwa kwenye 220-240 kabla ya kuchomeka.

Usiamini umbo la plagi. Kuna watu hukata plagi ya zamani na kufunga ya miguu mitatu, ukaona ya kwetu kumbe siyo. Amini maandishi ya nyuma.

Na adapta, jamani, inabadilisha umbo la plagi tu. Haishushi umeme hata volti moja.

Risiva ya volti 120 siyo mbovu, inauzika. Ila iuze pamoja na transfoma ya kushusha umeme, au mwambie mteja wazi kwamba lazima anunue. Transfoma iwe na wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa nyuma ya risiva. Kama risiva imeandikwa wati 400, mimi sichukui transfoma ya 500, nachukua ya 1000, ifanye kazi bila kuchemka. Ya Japani inataka transfoma inayotoa 100, siyo 120. Weka gharama hiyo kwenye hesabu mapema. Risiva ya 180,000 ukiongeza transfoma nzuri, faida inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya 250,000 ya volti 230.

2. IWASHE KWANZA BILA SPIKA

Chomoa kila kitu nyuma, bakiza waya wa umeme. Washa. Subiri sekunde kadhaa, utasikia "tak" kutoka ndani. Hiyo ni rilei inafungulia njia ya spika. Ukiisikia, dalili ni njema.

Ikiandika PROTECT au PROTECTOR, au ikizima yenyewe na taa inawakawaka, na hakuna spika hata moja imefungwa, basi tatizo liko ndani. Mara nyingi ni transista za kutoa sauti. Hiyo ni kazi ya fundi. Usiiposti kama nzima. Iuze kama ya spea, kwa bei ya spea.

Usijifanye fundi ukaifungua. Ndani kuna kapasita kubwa ambazo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Ikikaa vizuri, iache iwake saa nzima. Kupata joto juu ni kawaida yake, ndo maana nayo haitaki kuwekewa king'amuzi wala kitambaa cha kudarizi juu. Harufu ya kuungua siyo kawaida.

3. FUNGA SPIKA, NA FUNGA KWA ADABU

Zima kwanza. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja haitaungua, ila besi inapotea na sauti inakuwa kama imetoka chooni.

Nyuzi za waya zisokote vizuri kabla ya kuingiza. Unyuzi mmoja tu ukichungulia nje na kugusa tundu la jirani, risiva inajizima kwa PROTECT. Wateja wengi wanaosema "imekufa" wana unyuzi huo. Zima, chomoa, sokota upya, washa.

Kisha angalia ohm. Nyuma ya risiva huandikwa spika inazotaka, nyingi ni ohm 6 hadi 8 au zaidi. Sasa mteja ana zile spika ndogo zilizokuja na homu thieta ya seti, ambazo nyingi zimeandikwa ohm 3 au 4. Akifunga hizo, kwa sauti ndogo zitalia. Akipandisha siku ya sherehe, risiva inachemka na kuzima. Atakuambia umemuuzia kimeo. Kwa hiyo kabla ya kupokea hela, omba picha ya nyuma ya spika zake.

Sabufa nayo ina mtego wake. Tundu la SUBWOOFER PRE OUT halitoi nguvu ya kusukuma spika, linatoa mawimbi ya sauti tu. Linataka sabufa yenye umeme wake, inayochomekwa ukutani. Sabufa ya homu thieta ya seti, ile yenye waya mbili tu za spika, hapo haifai. Lakini visabufa vyetu hivi vya mtaani vyenye plagi yake na matundu ya waya za AV, vinaweza kufungwa pale vikabeba besi. Mwambie mteja. Unamwokolea hela, na kesho anarudi kwako.

4. "KAKA, HAITOI SAUTI"

Hii ndo meseji utakayopokea kuliko zote. Nyingi ya hizo risiva ni nzima kabisa.

Nilimuuzia kijana mmoja wa Kahama mwenye kibanda umiza. Alinunua kwa 280,000, hela ya kikundi aliyokopa, kwa ajili ya mechi ya Jumamosi. Ijumaa jioni ananiandikia: "Kaka hii redio yako ni bubu. Nirudishie hela yangu leo leo."

Ile Morogoro ilinifundisha kutobisha. Lakini hii nilikuwa nimeipima, video ninayo. Nikamwambia, "Kaka, hela yako ipo. Nipe nusu saa tuiangalie pamoja. Ikishindikana, irudishe kwa basi na nauli juu yangu." Akapiga simu ya video.

La kwanza, kwenye kioo iliandikwa -62. Yeye akaona 62, akasema sauti iko juu kabisa. Kumbe risiva nyingi za zamani hazihesabu kutoka 0 kwenda juu. Zinahesabu kwa desibeli, kutoka kama -80 kupanda kuelekea 0. Kwa hiyo -62 ni kunong'ona. Nikamwambia zungusha mpaka -35. Bado kimya.

La pili, waya kutoka kwenye TV. Alitumia ule waya wa mwanga, wenye taa nyekundu nchani, unaoingia kwenye tundu la OPTICAL. Nikamwambia chomoa nione. Vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyokuja na waya mpya bado vilikuwepo! Akavitoa, akachomeka mpaka ikasema "tik". Bado kimya.

La tatu, nikamwambia ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya dijitali. Ilikuwa Auto. Akaweka PCM. Kibanda kizima kikalia.

Hiyo ya tatu ielewe vizuri, maana itakuokoa mara nyingi. TV za kisasa na programu za filamu hutumia aina mpya za sauti, kama Dolby Digital Plus. Risiva ya zamani inajua Dolby Digital ya kawaida na DTS. Ikitumiwa lugha isiyoijua, inakaa kimya. PCM ni lugha ambayo zote zinaielewa, ila kwa waya huo wa mwanga inabeba chaneli mbili tu, kushoto na kulia. Kama TV ina chaguo la Dolby Digital, jaribu hilo baadaye ili mteja apate 5.1.

Dakika tano baadaye kijana anarudi: "Spika za nyuma hazilii." Sawa, ni chaneli mbili. Hapo kuna kitufe cha SURROUND au MODE. Bonyeza mpaka upate 5CH STEREO, MULTI CH STEREO au ALL CH STEREO, jina hutofautiana kwa kila kampuni. Spika zote zinapiga sauti ileile. Kwa kibanda, baa au ukumbi, hiyo ndo inayofaa.

Mechi ilionyeshwa. Hela ya kikundi ikabaki salama, na yangu pia.

Ukipata meseji kama hiyo, mpitishe mteja kwenye orodha hii kwa mpangilio:

- Sauti imezungushwa hadi kama -35? Hakuna neno MUTE kwenye kioo?
- Hakuna hedifoni imechomekwa mbele? Ikiwepo, spika zinakata.
- Kitufe cha SPEAKERS A/B kimewashwa A?
- TAPE MONITOR na MULTI CH IN zimezimwa? Ikiwaka mojawapo, risiva inasikiliza tundu lisilo na kitu.
- Amechagua njia iliyo sawa na tundu alilochomeka? Na hapa kuna jambo: kwenye risiva nyingi, tundu la OPTICAL 1 linaweza kuwa limepangiwa CD au DVD, siyo TV. Jaribu njia zote moja moja kabla ya kukata tamaa.
- TV imewekwa PCM?

Ukitaka kujua kwa haraka kama risiva ni nzima, mwambie aweke redio ya FM. Hata mkwaruzo wa stesheni isiyoshika ukisikika kwenye spika, basi risiva na spika ni nzima. Tatizo liko kati ya risiva na TV. Kipimo hiki ni cha dakika moja na huwa kinamtuliza mteja pale pale.

Sauti ikikwaruza unapozungusha kile kidude, au upande mmoja ukikata na kurudi, mara nyingi ni vumbi au kutu kwenye rilei na swichi. Fundi anasafisha. Safisha kabla ya kuuza, siyo baada ya kulaumiwa.

5. HDMI: USIAHIDI USICHOKIJUA

Mteja akisikia "ina HDMI" anadhani mambo yote yamekwisha. Siyo hivyo.

ARC, ile ya kurudisha sauti ya TV kwenye risiva kwa waya uleule wa HDMI, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Risiva ya kabla ya hapo usiiahidi ARC. Hata ya baada ya hapo, angalia kama tundu la HDMI OUT limeandikwa ARC.

Baadhi ya za zamani zaidi, HDMI yake inapitisha picha tu, sauti haichukui. Hapo unaongeza waya wa sauti.

Na picha ya 4K kutoka kwenye programu za filamu inataka ulinzi uitwao HDCP 2.2, ambao risiva hizi za zamani hazina. Mteja atapata kioo cheusi. Dawa ni rahisi: king'amuzi na vifaa vingine vichomekwe moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti itoke kwenye TV kuja kwenye risiva kwa waya wa mwanga. Picha inabaki safi, risiva inafanya kazi yake ya sauti.

Bluetooth nyingi hazina. Nunua vile vidude vidogo vya kupokea Bluetooth vinavyochomekwa kwa waya za AV, weka kimoja kwenye kila mzigo, ongeza bei kidogo. Wateja wanapenda sana.

6. MAIKI NA RIMOTI ZILIZOPOTEA

Risiva nyingi zina mfumo wa kujipima sauti kwa maiki: Yamaha wanaita YPAO, Pioneer MCACC, Denon hutumia Audyssey. Maiki za used huwa zimeshapotea. Siyo mwisho wa dunia. Ingia kwenye SPEAKER SETUP, weka mwenyewe umbali wa kila spika kutoka anapokaa mtu, spika ndogo ziandike SMALL, kisha tumia TEST TONE kusawazisha sauti.

Lakini kwenye baadhi ya modeli mipangilio hiyo haifunguki bila rimoti. Jua hilo kabla ya kununua. Andika namba ya modeli kwenye simu, tafuta kitabu chake cha maelekezo mtandaoni, vingi vinapatikana bure. Humo humo utakuta vitufe vya kubonyeza ili irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kila modeli ina vyake. Fanya hivyo kwa kila risiva unayonunua, maana mwenye nayo wa kwanza anaweza kuwa ameiachia mipangilio ya ajabu.

7. SASA NDO UPOSTI

Posti yangu ya risiva siku hizi ina vitu hivi, na haina maneno mengi:

- Picha ya nyuma inayosomeka volti.
- Video moja isiyokatwa: nachomeka, inawaka, "tak", kila spika inalia.
- Namba ya modeli.
- Vilivyopo na visivyopo. "Rimoti ipo. Maiki haipo. Haina Bluetooth. HDMI ipo, haina ARC."
- Siku saba za kujaribu.

Anayesoma "haina ARC" na bado anapiga simu, huyo ni mteja kweli. Ukificha, atakuja kugundua akiwa Kahama na wewe uko Dar.

Kabla ya kupokea hela nauliza manne: una TV gani, una spika gani, utatumia wapi, nani atakufungia? Majibu yakinionyesha haimfai, namwambia. Nimepoteza mauzo kadhaa kwa njia hiyo, lakini sijarudisha hela.

8. KUFUNGASHA

Risiva ni nzito, nyingi ni kilo 8 hadi 15, na uzito mkubwa uko kwenye transfoma ya ndani, upande mmoja. Boksi likitupwa kwenye buti la basi, uzito huo unaweza kupasua bodi. Tumia boksi mbili, moja ndani ya nyingine, godoro gumu au foronya za foma pande zote sita, na vidude vya mbele visiguse boksi. Andika upande wa juu ni upi. Piga picha na namba iliyo nyuma, ili ikirudi ujue ni yako.

Mwisho, ndani ya boksi naweka karatasi moja niliyoandika kwa kalamu. Juu kabisa kwa herufi kubwa: HII NI YA VOLTI 230, CHOMEKA UKUTANI. Au: HII NI YA VOLTI 120, USICHOMEKE BILA TRANSFOMA. Chini yake ile orodha ya "haitoi sauti".

Ile ya Morogoro bado ninayo chini ya meza, sijaiuza hata kwa spea. Kijana anayenisaidia kufungasha alipoanza kazi, nilimpa aigeuze asome nyuma. Akasoma: 120. Nikamwambia kila risiva ikiingia humu, anza hapo.

Una risiva imekugomea? Andika modeli yake kwenye maoni na inavyofanya, tuijadili. Na kama una mwenzako anauza used, mtumie posti hii kabla hajatuma mzigo wake wa wiki hii.